Mafuta yakivuka mpaka ziwani, nani ayafuate?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwalo wa Katonga, Kigoma. Majuzi alfajiri tulikuta maji ya ufukweni yana rangi rangi na yananuka dizeli. Wavuvi wawili wakavuta nyavu zimepakaa mafuta. Wakasema usiku walipishana na boti ya mizigo inavuja, ikitokea upande wa Congo. Mwenyekiti wetu akasema kama imetoka Congo basi ni kesi ya Congo. Afisa mmoja akatuambia tusubiri barua kutoka juu. Sasa nauliza: siku yakimwagika mengi katika Ziwa Tanganyika hili la nchi nne, serikali ipi inatakiwa kuja? Kuna mkataba wowote? Na hasara ya nyavu na dagaa analipa nani?
Mama Dagaa, Katonga

JIBU: Marahaba, mama, na poleni kwa hasara.

Nianze na mwenyekiti wenu, maana kauli yake husikika katika kila mji wa bandari ulio karibu na mpaka: yametoka kwao, wayafuate wao. Hapana. Mafuta yakishaingia kwenye maji ya Tanzania, wa kwanza kushughulika nayo ni Tanzania, hata kama yamemwagwa Kalemie, upande wa Congo. Boti ni ya nani na imetoka wapi, hilo litatusaidia kujua nani atalipa. Nani aanze kazi asubuhi ile ni suala jingine kabisa. Watu wakiyachanganya hayo mawili ndipo wanapokaa ufukweni kusubiri barua huku mafuta yanatembea.

Na yanatembea kweli. Kanuni tunayoitumia kazini ni hii: mafuta juu ya maji hufuata mkondo wa maji kama ulivyo, halafu upepo huyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya kasi yake. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukivuma kutoka kusini, kama mnavyoujua wa kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, unayasogeza zaidi kidogo ya nusu kilomita kila saa. Kwa siku nzima ni kama kilomita 14. Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma. Kwa hiyo mafuta yaliyomwagika bandarini leo asubuhi yanaweza kuwa Gombe kesho, na upepo usipobadilika, Kagunga na mpaka wa Burundi ni siku tatu au nne. Barua ya kutoka wilayani kwenda mkoani, mkoani kwenda wizarani, wizarani kwenda Wizara ya Mambo ya Nje na kutoka huko kwenda Bujumbura, sijui kama imewahi kushinda mwendo huo.

Kuhusu zile rangi mlizoziona, nikutulize kidogo. Rangi za upinde wa mvua juu ya maji maana yake tabaka la mafuta ni jembamba mno, kati ya mikromita 0.3 na 5. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Piga hesabu: lita moja ikitandazwa kwa unene wa mikromita 0.3 inafunika mita za mraba zipatazo 3,300, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Dumu moja la lita 20 linaweza kupaka viwanja tisa. Kwa hiyo ziwa zima la mbele ya mwalo likiwa na rangi, huenda chanzo ni madumu machache tu. Ukiona tabaka lenye rangi yake halisi, jeusi au la kahawia, lisilopitisha mwanga, hapo ndipo umefika kwenye mengi, na hapo ndipo mtu mmoja au mwalo mmoja hauwezi.

Aina ya mafuta nayo ina maneno yake. Petroli huruka hewani ndani ya saa chache, na hatari yake kubwa ni moto: mvuke wake ukikutana na karabai au jiko la mkaa ndani ya mtumbwi, mnapoteza watu kabla ya kupoteza samaki. Dizeli hukaa siku kadhaa, sehemu yake inaruka, sehemu inachanganyika na maji pale mawimbi yanapoipiga, na ni sumu kwa mayai ya samaki na wadogo wao karibu na ufukwe. Mafuta mazito ya injini kubwa hukaa wiki na miezi, yanaganda kwenye mawe na matete. Hata mawese, ambayo kwa Kigoma ni chakula, yakimwagika kwa tani yanafunika maji na kuziba matamvua ya samaki. Ziwa haliulizi kama kilichomwagika kilikuwa cha kupikia.

Na ziwa letu lina maumbile yanayofanya makosa yakae. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, lakini mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Maji mengi huondoka kwa kukauka juani, na uchafu haukauki nayo. Halafu chini ya mita 100 hadi 200 hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo dagaa, migebuka na karibu viumbe vyote wanabanana katika tabaka la juu, lile lile mafuta yanapoelea. Hapo hapo juu ndipo miji inapochota maji ya kunywa, Kigoma kwa KUWASA, mamlaka yake ya maji, na Bujumbura ng'ambo. Ndiyo maana dawa za kutawanya mafuta zinazopuliziwa baharini siziungi mkono hapa. Zinayazamisha mafuta yasionekane, yaani zinayatoa machoni mwa mkaguzi na kuyapeleka mdomoni mwa samaki. Sabuni ya unga, ambayo najua watu huikimbilia, inafanya hivyo hivyo na yenyewe ni sumu juu ya sumu.

Sasa mkataba. Upo. Nchi nne, yaani Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, zilitia saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Ulianza kutumika 2005, na kutokana nao ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura tangu 2008. Mkataba unazibana nchi zote kuzuia uchafuzi, kupashana habari na kushirikiana. Kwa hiyo ukimwuliza mwanasheria kama Congo ina wajibu kwa mafuta yaliyotoka kwake, atakujibu ndiyo.

Umuhimu wa Mamlaka hiyo unauona ukitazama ramani ya jumuiya zetu. Katika SADC wamo Tanzania, Congo na Zambia, na itifaki ya SADC ya mwaka 2000 kuhusu mito na maziwa ya pamoja inasema wazi kwamba nchi ambamo dharura imeanzia iwaarifu bila kuchelewa wenzake wanaoweza kudhurika. Lakini Burundi si mwanachama wa SADC. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wamo Tanzania, Burundi na, tangu 2022, Congo. Zambia haimo. Ukitafuta meza ambayo wote wanne wanakaa kwa sababu ya ziwa lenyewe, unabaki na ile ya Bujumbura.

Na msiseme serikali hizi haziwezi kushirikiana. Mwaka 2024 mliona wenyewe ziwa likifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne. Wapo walionung'unika Katonga, na nadhani wewe mama ulikuwa mmoja wao, kwa haki kabisa. Ila lilikuwa jambo gumu kuliko kupokea simu ya mafuta, na lilifanyika. Tofauti ni kwamba kufunga ziwa hupangwa miezi kabla. Mafuta humwagika saa nane usiku, wakati wa mvua, na mkataba haukuambii saa hiyo nani anampigia nani, kwa namba ipi, na akipokea ana ruhusa ya kufanya nini.

Hilo ndilo pengo, na si letu peke yetu. Desemba 1988, tishari la mafuta liitwalo Nestucca liligongwa na tagi lililokuwa likilivuta, karibu na Grays Harbor katika jimbo la Washington, Marekani. Zilimwagika lita zipatazo 875,000 za mafuta mazito. Baada ya siku kadhaa mafuta yale yakaanza kutua kwenye fukwe za kisiwa cha Vancouver, Kanada, zaidi ya kilomita 150 kaskazini. Marekani na Kanada wakati huo tayari walikuwa na mpango wa pamoja wa kukabili uchafuzi, tangu miaka ya 1970. Karatasi zilikuwepo. Watu wa ufukweni upande wa Kanada ndio waliokutwa hawajajiandaa, na makumi ya maelfu ya ndege wa majini walikufa katika tukio lile. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Machi 1989, meli Exxon Valdez ikapanda mwamba Alaska.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka ukifikishe kwa mwenyekiti wako. Hawakusubiri Washington na Ottawa ziandike mkataba mpya. Majimbo yenyewe ya pwani, Alaska, Washington, Oregon na California, pamoja na British Columbia ya Kanada, yalikubaliana mwaka huo huo wa 1989 kuunda kikosi kazi chao. Maofisa wa ngazi ya jimbo, wale ambao simu zao hulia kweli, wakaanza kukutana, kubadilishana taarifa za matukio, kulinganisha sheria na kufanya mazoezi. Hawana mamlaka ya kutangaza vita wala kusaini mikataba ya mataifa. Wanafahamiana tu, kila mmoja anajua mwenzake ana vifaa gani na vimewekwa wapi.

Ulaya walifika huko kwa njia nyingine. Machi 1967 meli Torrey Canyon ilivunjika karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Mafuta yakafika hadi Ufaransa. Waingereza walijaribu hata kuipiga mabomu ili yaungue. Mwaka 1969 nchi za Bahari ya Kaskazini zikatia saini Makubaliano ya Bonn, na jambo la maana ndani yake ni kwamba bahari iligawanywa kwa kanda za wajibu. Mafuta yakionekana ndani ya kanda yako, wewe ndiye unayeyatazama, unakadiria wingi na mwelekeo, na unawaarifu wenzako mara moja kwa fomu ya aina moja ambayo kila mtu anaijua. Haijalishi meli ni ya bendera gani. Zile hesabu za rangi nilizokupa hapo juu zinatokana na jedwali linalotumiwa na nchi hizo hizo, ili rubani wa Denmark na rubani wa Ubelgiji wakisema "upinde wa mvua" wawe wanazungumzia unene ule ule.

Kwenye ziwa letu fomu kama hiyo inaweza kuwa nusu ukurasa: saa, mahali, rangi, upana, upepo unatoka wapi, chanzo kama kinajulikana. Nyaraka za vikao zitaandikwa Kiingereza na Kifaransa, sawa, lakini mlinzi wa gati wa Kigoma na mwenzake wa Kalemie, Uvira au Bujumbura watazungumza Kiswahili, na hiyo ni bahati ambayo Wazungu wa Bahari ya Kaskazini hawakuwa nayo.

Baada ya simu, kinachokwamisha ni mpaka wenyewe. Fikiria Bujumbura wana tagi lenye vizuizi vinavyoelea, yale maboya marefu ya kuzingira mafuta, na Kigoma mnayahitaji usiku huu. Tagi likifika, lina mabaharia sita wasio na viza, vifaa ambavyo forodha inaviona kama mzigo unaoingia nchini, na chombo ambacho hakina kibali cha kufanya kazi katika maji ya Tanzania. Kila ofisa atakayelizuia atakuwa anafuata sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 kuhusu kujiandaa na kushirikiana dhidi ya uchafuzi wa mafuta, ule uliozaliwa kutokana na Exxon Valdez, una kifungu kizima kwa ajili ya hili: nchi zichukue hatua mapema ili watu, vyombo na vifaa vya msaada viingie, vitumike na kutoka upesi. Ni mkataba uliotungwa kwa ajili ya bahari, lakini hakuna kinachozuia nchi nne za ziwa kuiga kifungu hicho: orodha ya vifaa iliyokwisha kukubaliwa na forodha, majina yaliyokwisha kuwasilishwa uhamiaji, na ofisa mmoja kila upande mwenye ruhusa ya kusema "pita" kwa simu.

Halafu hofu ya bili. Serikali nyingi huchelewa kuomba msaada kwa kuogopa kudaiwa. Mkataba huo huo wa 1990 una kanuni rahisi: aliyeomba msaada ndiye anayerudisha gharama, na aliyejitolea mwenyewe bila kuombwa anabeba zake, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Wala kulipa jirani hakumwondolei mchafuzi deni lake. Mkilijua hilo kabla, usiku wa tukio hamkai kubishana.

Nani ashike usukani? Kila nchi upande wake. Nimeona watu wakipendekeza kamanda mmoja wa ziwa zima, na kwa maoni yangu ni ndoto itakayokula miaka kumi ya vikao. Marekani na Kanada, ambao katika mpango wao wa pamoja wana sehemu maalumu kwa ajili ya maziwa yao makubwa, hawana kamanda mmoja. Kila upande una mkuu wake wa kazi, wanaunganishwa na timu ya pamoja. Inatosha.

Kwa Tanzania, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini na uchafuzi unaotokana navyo ni TASAC. Ndani ya bandari ni TPA. NEMC anasimamia sheria ya mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika inasimamia maji yenyewe, Polisi Wanamaji wana boti, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi mkoa na taifa. Wengi, naam, na wingi huo ni hatari pia, kwa sababu kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshapigiwa. Yule ofisa wa barua hakukosea kabisa: kuiomba nchi nyingine msaada rasmi kunahitaji idhini ya juu. Lakini kuweka kizuizi mbele ya chanzo cha maji, kuwaonya wavuvi, kuchukua sampuli na kumpigia jirani kumwambia "yanakuja kwako" havihitaji barua yoyote.

Na Kigoma mna njia ambazo miji mingi haina. Burundi na Congo zote zina ubalozi mdogo pale mjini. Mkoa hufanya vikao vya ujirani mwema na wenzao wa Burundi, ambavyo kwa kawaida ajenda zake ni ulinzi, wahamiaji, mifugo na magendo. Mafuta ziwani yangefaa kuingia humo kesho. Sizungumzii kununua vifaa. Nimeona makontena ya vifaa vya bei mbaya yakifunguliwa baada ya miaka na mpira umeoza. Nazungumzia karatasi yenye majina na namba za simu za Kigoma, Rumonge, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu, na mtu wa kuzipiga zote kila baada ya miezi mitatu ili kujua ni ipi haipokelewi. Vifaa vya kweli vikitoka Dar es Salaam vina safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Jirani wa ziwani yuko karibu kuliko Dar.

Mfano wa hivi karibuni katika ukanda wetu ni Mauritius. Meli Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, na mafuta hayakuanza kuvuja kwa wingi hadi tarehe 6 Agosti. Siku kumi na mbili hizo bado zinabishaniwa. Yalipovuja, kama tani 1,000, Ufaransa ilileta watu na vifaa kutoka kisiwa chake cha Réunion, Japani na India nazo zikatuma wataalamu. Lakini waliotangulia majini walikuwa wananchi, wakishona magunia na vitambaa na kuvijaza majani ya miwa kuwa vizuizi. Vilisaidia. Katonga mnaweza kutumia nyasi kavu ndani ya chandarua kilichochakaa, mkikumbuka kwamba nyasi zikishiba huzama, kwa hiyo zitolewe mapema na zisitupwe kando ya maji.

Sasa fedha, na hapa sina habari nzuri. Baharini kuna mfumo wa fidia unaofanya kazi: mikataba ya mwaka 1992 inamfanya mwenye meli ya mafuta alipe hata bila kuthibitishwa uzembe, na juu yake kuna mfuko wa kimataifa wenye makao London, ambao Tanzania ni mwanachama. Kwa ajali moja unaweza kufikia kiwango cha jumla cha vizio maalumu milioni 203 vya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani mamia ya mabilioni ya shilingi. Mvuvi wa Mafia au Tanga akichafuliwa na meli ya mafuta ghafi ana mlango wa kugonga. Wewe wa Katonga huna, kwa sababu mikataba ile inahusu meli zinazosafiri baharini. Boti ya ziwa haimo. MT Sangara, meli ya kubeba mafuta ya ziwa letu, nayo ni chombo cha ziwa. Na hata baharini, mfumo ule ni wa mafuta mazito yanayodumu, si petroli.

Kinachobaki ni sheria za nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Mwenye boti akijulikana na akiwa na mali au bima, anaweza kudaiwa hapa. Akiwa ng'ambo, njia inapita kwa serikali kwenda kwa serikali, chini ya mkataba wa 2003, na inakuwa ndefu. Kama ningekuwa na sauti Bujumbura, ningedai kitu kimoja tu: chombo chochote kinachobeba mafuta kwenye ziwa kiwe na bima ya uchafuzi kabla ya kupewa kibali cha kutoka bandari yoyote kati ya nchi nne. Wakikubaliana watatu na mmoja akakataa, wabeba mafuta watahamia kwake. Na madumu yanayovushwa usiku kwa boti za mbao kila Burundi inapopungukiwa mafuta hayatakuwa na bima hata siku moja, hiyo nayo tuiseme.

Kwa hiyo kesi yako itasimama au kuanguka kwa ushahidi. Mkiona tena: kaeni upande unaotoka upepo, zimeni taa za moto, BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, impigie ofisa uvuvi, TASAC na bandari, na KUWASA ili waangalie chanzo chao. Kukiwa na petroli nyingi au moto, Zimamoto ni 114. Pigeni picha zenye saa na mahali. Chukueni mafuta kutoka juu ya maji kwa chupa safi ya kioo, si ya plastiki, ijazeni, ifungeni, iwekeni gizani penye ubaridi, na watu wawili wasaini karatasi inayosema nani aliichukua, lini, na amemkabidhi nani. Mafuta ya kila shehena yana mchanganyiko wake, na maabara inaweza kulinganisha ya kwenye chupa yako na ya kwenye tangi la boti iliyokamatwa. Waulizeni wavuvi wa usiku wameona nini kabla hawajalala. Wao ndio macho ya ziwa, na siku za mbalamwezi, wakiwa wamepumzika, ziwa halina mlinzi.

Hasara iandikwe siku hiyo hiyo, kwa jina la kila mtu: nyavu ngapi, za bei gani, risiti kama ipo, na daftari la mwalo lionyeshe siku za kawaida mlikuwa mnapokea dagaa kiasi gani. Mdai asiye na rekodi za kabla ya tukio huishia kubishana na makadirio ya mtu mwingine.

Dagaa waliovuliwa ndani ya mafuta wasianikwe wala kuuzwa, hata kama harufu imepungua wakishakauka, maana ikirudi sokoni Tabora au Dar inaharibu jina la dagaa wote wa Kigoma. Nyavu zilizopakaa dizeli zisioshwe ziwani. Zioshwe nchi kavu mbali na maji, kwa sabuni ya kawaida, na maji yake yamwagwe penye udongo. Ila ule wavu uliochafuka kuliko yote msiuoshe. Uwekeni ndani ya gunia, mfungie stoo ya BMU mpaka ofisa wa serikali auone na kuuandika.